Panga za Mwanga na Sufuria ya Ugali

Walisema sitaweza. Nilipotangaza kwamba nitatengeneza panga sita za kuwaka, za kuwapokea bwana na bibi harusi ukumbini Thamesmead, Watanzania wenzangu walicheka mpaka chai ikawapalia. "Umekuja Ulaya kuunda vitu vya kuchezea watoto?" aliuliza mmoja. Mwingine akasema diploma yangu ya umeme, kwa hapa Uingereza, inafaa kufungia vitumbua. Lakini walinikopesha fedha za vifaa, nusu kwa huruma, nusu wapate cha kusimulia nikishindwa.

Leo naandika nikiwa Morogoro, nyumbani kwangu, chini ya taa nilizofunga kwa mikono hii. Bado nakitamani kile chumba cha Edmonton, kule Uingereza, chembamba, dirisha linalogoma kufunguka, harufu ya waya niliolehemu ikichanganyika na ugali wa mwenzangu. Yeye alikuwa Mkenya, mfanyakazi wa ghala, na yeye pia alinikopesha.

Upanga wa kwanza niliujaza utepe wa taa ndogondogo za LED, ndani ya bomba jeupe la plastiki. Nikavuta pazia, nikazima taa ya chumba, nikabonyeza swichi. Ukawaka kama mwezi.

"Aki wewe ni fundi!" mwenzangu akasema. Nami nilikuwa najua.

Mwenyekiti wa kamati ya harusi, mama mmoja muuguzi asiyependa maneno mengi, akaniita ukumbini nikauonyeshe. Taa zote zilikuwa zinawaka.

"Haya washa, mwanangu."

"Nimewasha, mama."

"Umewasha wapi?"

Niliutazama upanga wangu. Ulikuwa bomba jeupe tu.

"Mpiga video hataki giza," akasema. "Siku ya harusi njoo mapema niuone tena. Nisipouona, vijana watashika maua, na wewe utajieleza kwa waliokukopesha."

Ndani ya basi nililiona kosa langu. Nilikuwa nimechagua taa kwa giza la chumbani kwangu, wakati itawaka katikati ya mwanga wa ukumbi. Nikang'oa utepe wote. Fedha iliyobaki nikanunua LED kubwa za buluu, moja kwa kila upanga, kali kiasi kwamba ukiitazama unabaki unaona madoa. Nikaiweka ndani ya mpini, ikitazama juu. Bomba nikalitandika karatasi nyeupe ya kuokea ili mwanga usambae, na nchani nikabandika karatasi ya kung'aa iurudishe chini. Nikafungua pazia. Mchana kweupe, upanga uliwaka!

Muda si mrefu mpini ukaanza kutoa moshi na gundi ikayeyuka. Taa kali huja na joto lake, na joto lazima lipate chuma cha kulibeba. Vipande vya chuma vya kupozea vya dukani havikuingia kwenye mpini, na mfuko ulikuwa mtupu. Nikaingia jikoni. Pale juu ya jiko ilikuwepo sufuria ya alumini, kitako kinene, safi kabisa. Nikachukua msumeno.

Mwenzangu alirudi kazini nikiwa nakata kipande cha sita, cha kupoza mpini wa mwisho.

"Buda! Hiyo si sufuria yangu?"

"Ilikuwa."

"Na sasa ugali tutapikia wapi? Kwa diploma?"

Siku ya harusi hakuna taa iliyozimwa. Mwenyekiti alizunguka upanga wa kwanza, akaugusa mpini, akaukuta na uvuguvugu tu. "Unaonekana," akasema, na kwake hiyo ilikuwa hotuba. Maharusi walipita chini ya panga sita za buluu huku akina mama wakipiga vigelegele, na hata yule wa vitumbua alikuwa amesimama juu ya kiti akipiga picha. Kabla keki haijakatwa, watu wa harusi nyingine walikuwa wanaomba namba yangu. Kazi zikafuatana, na diploma ile ile ikanilisha.

Nilipotimiza fedha nililipa wote siku moja. Yule wa vitumbua nilimfikia wa kwanza, kwa makusudi, nikamhesabia taratibu. Mwenzangu nilimwacha wa mwisho. Alizipokea noti zake bila kuzitazama.

"Pesa sawa. Sufuria je?"

Nikatoa mpya niliyokuwa nimeificha mgongoni. Nilikuwa nimepita sokoni Walthamstow, nikachagua nzito kuliko zote. Akaigonga kitako, akasikiliza, akatabasamu.

"Hii ukiikata, bana, mimi nakukata wewe."

Akaijaza maji, akaibandika jikoni.