Kijiwe cha Makaburi ya Wayahudi

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa hapa Nakuru, kulikuwa na barabara moja ya zamani tuliyoiita "kwa Wayahudi", ingawa hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona Myahudi. Walikuwa wamehama kabla sijazaliwa. Zilibaki nyumba zao za mawe, jengo walimokuwa wakisali, na makaburi ambayo baba yangu aliajiriwa kuyafyekea nyasi. Shosho, nyanya yangu, kila alipokuja kututembelea kutoka Ndabibi, alinionya: "Pale makaburini usiokote kitu. Yale mawe yamehesabiwa. Ukibeba moja, mwenyewe atalifuata, na hatarudi mikono mitupu."

Jumapili moja akaja mama mzee wa kizungu pamoja na binti yake. Mama huyo alikuwa amezaliwa kwenye barabara ile, na alitaka kuitembea yote kwa miguu. Baba akawaongoza. Mimi nikafuata nyuma, nimembeba mdogo wangu Nyambura, wa miaka mitatu, mgongoni.

Yule mama aliongea Kiswahili cha taratibu, kama mtu anayejaribu viatu vyake vya zamani. "Hapa ndipo tulikuwa tunakaa," alisema mbele ya nyumba iliyojaa mitumba. Akaomba kuingia, akapapasa fremu ya mlango, mahali palipobaki matundu mawili ya misumari ya kile kijisanduku cha sala walichokuwa wakipigilia mlangoni. Jengo la sala lilikuwa ghala la mahindi. Juu ya mlango, chini ya rangi, nyota yao ya pembe sita ilikuwa bado inaonekana. Alisimama akiitazama hadi binti yake akamshika mkono. Makaburini aliweka kijiwe cheupe juu ya kaburi la baba yake, kisha akaondoka polepole.

Nyambura alikuwa amechoka, analia. Bila kufikiri nikakiokota kile kijiwe, nikampa ashike. Akanyamaza, akaenda nacho nyumbani.

Jumanne Mama alikwenda Lanet kufulia watu nguo, Baba naye akaenda kibarua kingine. Nikaachiwa Nyambura. Kufika mchana mwili wake ulikuwa unachoma. Shingo ilikuwa imekakamaa, macho yamegeuka. Nilijua kabisa mwenye jiwe amefika.

Jirani yetu, Mama Kiprono, alikuwa pale uani akianua nguo. Ningemwita angekuja mbio. Sikumwita, maana ningelazimika kusema nilichofanya. Nikamlaza mtoto kitandani, nikafunga mlango kwa kufuli, nikakimbia na kijiwe.

Geti la makaburi lilikuwa limefungwa. Nikaparamia ukuta, nikachanika goti. Makaburi yote yalifanana, na yale maandishi sikuweza kuyasoma. Nililiweka jiwe juu ya kaburi moja, nikaliondoa, nikaliweka juu ya lingine. "Chukua jiwe lako," nililia. "Tafadhali. Si yeye, ni mimi niliyeokota." Sijui nilikaa kiasi gani nikizunguka hivyo. Mwishowe nililiacha popote tu.

Nilipofika nyumbani, kufuli ilikuwa imevunjwa. Mama Kiprono alikuwa amesikia mtoto akikoroma vibaya, akamkimbiza hospitali. Nikawafuata huko. Jioni, Mama alipotokea wodini na mikono ikinuka sabuni, aliniuliza, "Wee, ulikuwa wapi?"

"Dukani," nikasema.

Ilikuwa homa ya uti wa mgongo. Nyambura alipona, lakini hakusikia tena. Daktari alisema pengine angefikishwa mapema mambo yangekuwa tofauti. Mama akaamua kosa ni lake, kwa kwenda Lanet siku ile. Nilimsikia akijilaumu mwaka baada ya mwaka, nami nikanyamaza. Alizikwa akiamini hivyo.

Baadaye nilikuja kujua kwamba kwa watu wale kijiwe ni njia ya kumwambia marehemu kwamba umefika, hujamsahau. Hakuna aliyekuwa akimfuata mtu. Simlaumu Shosho. Alinipa hofu aliyopewa na wakubwa wake, akidhani ananikinga. Lakini saa ile aliyoihitaji mdogo wangu, niliitumia kuwabembeleza wafu, huku mtu mzima akiwa hatua kumi kutoka mlangoni.

Mwaka jana nilimweleza Nyambura yote, kwa lugha ya ishara, tukiwa jikoni kwake. Aliitazama mikono yangu hadi mwisho. Nilingoja aniambie nitoke.

Akauliza, "Uliogopa sana?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hilo. Nikainua mikono nimjibu.