Magogo ya Kwao na Magogo ya Kwetu

Miaka ile ya kupanga foleni ya sabuni, mwenzangu alirudi Babati kumzika mama yake. Zamani tulikuwa tumejifunza useremala pamoja kwenye karakana ya misheni, tukigawana randa moja. Baadaye yeye akavuka mpaka kwenda Kenya kutafuta kazi. Mimi nikabaki Maisaka, hapo hapo Babati, natengeneza viti vya watu wenye subira.

Aliingia msibani na viatu vinavyong'aa. Viatu ndivyo nilivyoviona kwanza, kabla ya macho yake yaliyovimba kwa kulia. Naandika hili kwa aibu.

Mzee wa jirani, baada ya kuitikia shikamoo yake, alimuuliza anafanya kazi gani huko.

"Napima magogo ya msonobari, mzee. Kwetu yanapakiwa kwenye treni mpaka bandarini, yanauzwa nje."

Kwetu! Neno lile lilinichoma chini ya mbavu. Nikasema kwa sauti isiyofaa msibani, "Hata sisi tunauza nje. Magogo yetu ya kusini ni makubwa, yenu ni fito tu."

Huko kusini sikuwahi kufika. Nilichojua ni kile nilichosikia redioni, kwamba miti ya mashamba ya serikali italeta fedha za kigeni.

Hakubishana. "Inawezekana," alisema. "Basi nitafutie mbao za jeneza, fundi. Nisimzike mama kwa mkeka."

Kila mtu alijua mjini hakuna mbao. Hata misumari nilikuwa nanyoosha ya zamani. Lakini mimi nilikuwa nazo mbao sita za msonobari, nimezificha chini ya kitanda, za kumtengenezea mke wangu kabati.

"Sina," nikasema.

Mke wangu alikuwa amesimama karibu, ameshika birika la chai. Alinitazama, kisha akainamisha macho.

Mwenzangu aling'oa mlango wa nyumba ya marehemu, akachukua na meza ya chakula, akavileta kwangu. Tulifanya kazi bega kwa bega asubuhi nzima. Miaka yote hiyo ya kupima magogo, na bado alipiga randa vizuri kuliko mimi. Hilo nalo liliniuma.

Jeneza lilikuwa zito, wanaume wakapokezana mpaka kaburini. Nilimsikia mama mmoja akisema, "Mtoto huyu kamsitiri mama yake." Mimi hakunitaja mtu. Nikaona wivu hata kwa sifa ya mtu aliyefiwa.

Kabla ya kuondoka alipita kuniaga. Akanipa pakiti ya misumari mipya.

"Njoo tufanye kazi wote," alisema. "Nitakuombea nafasi."

"Nitafikiria," nikamjibu, nami nilikuwa nimekwisha kukataa moyoni, kwa sababu nafasi ile ingetoka mkononi mwake.

Alipokwenda, mke wangu aliniambia hataki tena kabati.

Barua ya kwanza ya mwenzangu sikuijibu. Ya pili nilianza kuijibu. Niliandika salamu, nikaandika habari za mvua, na nilipofika mahali pa kuomba radhi, nikaandika kwamba mwaka huu mahindi yetu ya Sigino, hapa jirani, yamestawi sana.