Kioo cha Baba, Plasta ya Baba Mkubwa

Kioo hakijavunjika. Nimekiona kwa macho yangu wiki iliyopita, kwenye ukuta wa chumba alicholala Bibi pale Kibirizi, nikiwa nimesimama ndani ya maji ya ziwa yaliyonifika magotini. Ni kipande chembamba, urefu wake kama kidole cha mtu mzima, kimekingama juu ya ufa, na kila ncha imekaa ndani ya donge la saruji. Baba alikibandika nikiwa mwanafunzi wa darasa la nne. Alisema siku kitakapovunjika, tujue nyumba nayo iko njiani. Kwa ajili ya ufa huo Bibi alitolewa nyumbani kwake akiwa na mfupa uliovunjika, na hakutembea tena. Nyumba imesimama mpaka leo.

Nilikuwa nimekwenda Kibirizi kununua dagaa wa kusafiri nao, si kwa ajili ya ukuta. Lakini ziwa limepanda tena miaka hii, na wewe kama umepita huko umeona: milango iliyokuwa ikitazama mchanga sasa inatazama maji, na wanaoanika dagaa wamesogea juu karibu na barabara. Harufu ile ikanishika, ya dagaa wa jua kali iliyochanganyika na mafuta ya injini za boti, na miguu ikanipeleka yenyewe.

Acha nikueleze nani ni nani. Bibi alijaliwa wana wawili waliofika chuo kikuu, na mtaa mzima ulijua. Mkubwa alikuwa daktari katika hospitali moja mjini; huyo ndiye Baba Mkubwa. Mdogo ni baba yangu, injinia wa mitambo ya maji. Pampu ikigoma popote, mlango uliogongwa ni wetu pale Gungu. Hawakuwahi kugombania shamba wala urithi. Waligombania jambo moja tu: kati ya daktari na injinia, nani mwenye akili. Walianza wakiwa sekondari, mmoja alipoing'ang'ania baiolojia na mwingine akaikimbia akisema ni somo la kukariri, na sijawahi kuwaona wakilipumzisha.

Uwanja wao ulikuwa Jumapili kwa Bibi. Tulifika baada ya kanisa, tukakuta mawese yanachemka na ukumbi mzima umejaa harufu yake. Kulikuwa na ugali wa muhogo, samaki wadogo wa migebuka wa kukaanga kwa ajili yetu watoto, na samaki mmoja mkubwa, kuhe, wa mchuzi kwa ajili ya wakubwa. Mimi nilipewa kazi ya kugeuza dagaa mchangani na kufukuza kunguru, na kutoka pale nilisikia kila neno.

"Mwili wa mtu ni pampu, mabomba na nyaya," Baba alikuwa akisema. "Nipe mchoro wake, kaka, nitautengeneza."

"Mchoro wenyewe hakuna aliyewahi kuumaliza, bwana mdogo. Na mimi pampu yangu naitengeneza ikiwa inazunguka. Wewe ya kwako mpaka uizime kwanza."

"Wewe ukikosea watu wanasema Mungu amependa. Nikikosea mimi, Gungu nzima inakosa maji, na kila mwenye ndoo anajua ninapokaa."

Jirani wa Bibi, mama mmoja ambaye wazazi wake walivuka ziwa kutoka Kongo, alikuwa akija na kigoda chake kusikiliza. Alimwita Baba Mkubwa Munganga, kama kwao wanavyomwita daktari, na kila mara mama huyo alikuwa upande wa anayeelekea kushindwa, ili maneno yasiishe mapema.

Hukumu ilikuwa ya Bibi, na aliitoa kwa kichwa cha kuhe. Yule aliyesema la maana wiki hiyo ndiye aliyewekewa kichwa sahanini. Hakueleza sababu. Mtu mzima na digrii yake alikaa akiangalia mwiko wa mama yake unavyosogea, na aliyekosa alikula mkia huku akitafuta hoja ya Jumapili ijayo. Nilidhani kila familia inakula hivyo.

Kisha ukaja mwaka wa mvua nyingi. Ziwa lilipanda kidogo kidogo, bila kelele. Leo limefika pale tulipoanika dagaa, kesho limefika kwenye kamba ya nguo. Watu waliweka vijiti mchangani kuona limetembea kiasi gani, na asubuhi vijiti vilikuwa ndani ya maji. Hakuna aliyelala vizuri. Mbwa nao walibadili mahali pa kulala.

Katika siku hizo Bibi aliteleza kwenye kizingiti chenye majimaji, akiwa na beseni la dagaa mikononi, na nyonga ikavunjika. Hospitalini alikaa muda mfupi akakataa katakata. "Nirudisheni kwangu," alisema. "Kama nina mtoto daktari, si anitibu nikiwa nasikia ziwa langu?" Baba Mkubwa akasalimu amri. Akampangia kitanda chumbani kwake, kichwa kikielekea ukutani. Upande wa miguu ulinyanyuliwa kwa matofali. Mguu ulifungwa kamba, kamba ikapita juu ya chuma cha kitanda, na mwisho wake ukaning'inizwa mfuko wa mchanga, ili uzito uuvute mguu na mfupa ukae mahali pake. Amri ilikuwa moja: asisogezwe mpaka mfupa ushike.

Baba alipoingia aliangalia kamba kabla ya kumwamkia mama yake. Jirani alimsema kwa hilo miezi kadhaa.

"Kaka, kamba yako inasugua chuma," alisema. "Uzito unaishia hapa kwenye kona. Mchanga wako unavuta kitanda, hauvuti mguu."

"Umesomea nyonga lini?"

"Nimesomea kamba."

Kesho yake alileta kapi, lile gurudumu dogo wanalopitishia kamba kwenye boti, ameliomba kwa mafundi wa pale mwaloni, boti zinapotia nanga. Baba Mkubwa alilikataa. Wiki iliyofuata akaruhusu lijaribiwe, na kamba ilipopita juu yake mfuko ulishuka kwa ulaini ambao hata mimi niliuona. Baba Mkubwa akainama, akapunguza mchanga kwa kiganja. Kisha akamwambia Bibi, "Fundi wako amefanya vizuri." Hilo neno fundi lilimkaa Baba kooni mpaka Jumapili.

Siku ile ile kapi lilipojaribiwa ndipo Baba alipouona ufa. Ulianzia kwenye kona ya dirisha ukashuka nyuma ya kichwa cha Bibi hadi sakafuni. Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma, lakini kilichoyashika ni udongo, na maji yalikuwa tayari yanapita chini ya msingi. Akakata kioo kwenye kipande cha dirisha la zamani na kukibandika kwa saruji kukatiza ufa. Ukuta ukisogea hata unywele, alisema, kioo kitapasuka, kwa sababu kioo hakijui kuvumilia. Akanigeukia mimi. "Wewe ndiye utakayekuwa unakiangalia. Usikiguse. Kiangalie tu."

Baba Mkubwa aliukagua ufa kwa kidole, kama anavyokagua tumbo la mgonjwa. "Huu niliukuta nikiwa na umri wa huyu binti," alisema. "Ni kovu. Mgonjwa hahamishwi kwa sababu ya kovu." Akatoa plasta ya hospitali mfukoni, akaibandika chini ya kioo. Tuone, alisema.

"Plasta inavutika, kaka. Ukuta ukifunguka, yenyewe itafuata tu."

Jirani alichungulia dirishani. "Munganga, ukuta iko na homa leo? Uupige na sindano basi."

Tulicheka. Ilikuwa mara ya mwisho kucheka juu ya jambo hilo, maana haukuwa mchezo tena. Baba aliamini ukuta utamwangukia mama yake akiwa amefungwa kitandani. Baba Mkubwa aliamini akibebwa mfupa utaachia, na mtu wa umri ule mfupa ukiachia hainuki tena. Kila mmoja alikuwa anamwokoa, na kila mmoja alimwona mwenzake kama muuaji. Kichwa cha kuhe kilianza kubaki sufuriani. Kila nilipofika, kabla sijaweka mfuko wa shule, Bibi aliuliza, kwa sababu ukuta ulikuwa nyuma yake na hakuweza kugeuka: "Kioo kizima?"

"Kizima, Bibi."

"Na plasta?"

"Ipo."

"Basi wote wana akili," alikuwa akisema, na kufumba macho.

Jumapili moja mchana banda la jiko la jirani lilianguka. Haukuwa mshindo mkubwa. Ulikuwa kama mtu ametua gunia. Tulipotoka tulimkuta yule mama amesimama na mwiko mkononi, mbele yake hakuna jiko, kuna maji ya kahawia na sufuria inaelea. Baba alirudi ndani mbio.

"Anatoka sasa hivi."

"Jiko lilikuwa la tope," alisema Baba Mkubwa. "Hii ni tofali. Na kioo chako si kizima?"

"Nisubiri kivunjike ndio nianze kufungua kamba?"

"Ukimwinua, umemvunja mara ya pili. Kwa mikono yako."

Bibi aliwanyamazisha kwa kugonga ubao wa kitanda. Alizungumza taratibu, kwa Kiha, na wakati mwingine kwa Kiswahili ili jirani naye aelewe. Alisema yeye ana mguu mmoja mbovu na nyumba moja mbovu, na wao ndio waliosoma. Wakikubaliana jambo moja, lolote, atalifuata. Wasipokubaliana, atalala pale pale.

Wakatoka nje. Niliwaona kupitia dirishani wamesimama kwenye mvua, maji yakiwafika vifundoni, bila kuangaliana. Aliyeingia wa kwanza alikuwa Baba Mkubwa, na alisema, "Abebwe na kitanda chake. Kamba na mzigo kama vilivyo."

Nimewaona wakifanya kazi pamoja mara hiyo moja tu. Baba aliwaita wapagazi wa mwaloni, akawapanga kwa urefu wao, warefu upande wa chini wa mteremko ili kitanda kilale sawa. Baba Mkubwa alitembea kinyumenyume miguuni, mkono mmoja kwenye kisigino cha mama yake, mwingine ukiuzuia mfuko wa mchanga usibembee. "Taratibu," alisema mmoja. "Sawa," alisema mwingine. Hakukuwa na kaka wala bwana mdogo. Juu barabarani lori la dagaa lilikuwa linasubiri.

Karibu na kilele mpagazi mmoja alikanyaga utelezi. Kitanda kiliinama upande, mfuko ukaponyoka ukabembea, na Bibi akatoa sauti ndogo, kama mtu aliyeguswa na maji ya baridi. Wakakisawazisha palepale. Nilimwona Baba Mkubwa amefumba macho.

Mfupa ulishika vibaya. Mguu ukawa mfupi, na Bibi akaishi kwetu Gungu kwenye kiti karibu na mlango, mahali ambapo ziwa halionekani. Baba Mkubwa alisema ni ule mteremko. Baba alisema ni siku zile za kwanza, kamba iliposugua chuma. Walisema hivyo mara moja moja, kisha hawakusema tena, na Jumapili zikawa kimya. Bibi aliendelea kutaka kuhe apikwe. Kichwa alikila mwenyewe, polepole, akiwaangalia.

Maji yalirudi nyuma mwaka uliofuata. Baba hakuikanyaga tena nyumba ile. Ilipangishwa kwa wafanyabiashara wa dagaa, wakapanga magunia hadi karibu na dirisha. Aliyetumwa na Bibi kukiangalia kioo ni mimi. Nilipenya kati ya magunia, nikaangalia, nikarudi Gungu nanuka dagaa, na Bibi akaniuliza mbele yao wote wawili: "Kizima?" Nilijibu kizima. Aliuliza hivyo mpaka alipofariki, na sikuwahi kujua alitaka nijibu nini.

Jirani alihamia kwa watoto wake ng'ambo. Mchanga tuliogeuzia dagaa uko chini ya maji. Wale wawili wamestaafu. Baba anameza dawa za presha alizoandikiwa na daktari asiyemjua, na pampu ya kisima cha Baba Mkubwa imekaa imeharibika tangu mfungo uliopita bila injinia yeyote kuitwa. Wanaamkiana misibani.

Wiki iliyopita chumba kilikuwa kitupu, magunia hayapo, mawimbi ya boti yakiingia mlangoni na kutoka. Plasta imeisha, imebaki alama ya gundi kwenye chokaa. Kioo kiling'aa kidogo. Nikanyoosha mkono nikakigusa, na kikacheza.

Donge la saruji la upande wa kulia limeachana na ukuta. Linaonekana limeshika kwa sababu limekaa kwenye shimo lake, lakini kati yake na tofali kucha langu lilipita. Kioo kimeshikwa upande mmoja tu. Ukuta ungeweza kufunguka kiasi chochote na chenyewe kisingevunjika.

Nilimpigia simu Baba nikiwa bado ndani ya maji, kisha Baba Mkubwa. Kila mmoja aliniuliza swali lile lile: donge liliachia kabla hatujambeba Bibi, au baada?

Nimewajibu kwamba sijui. Miaka yote ile niliambiwa nikiangalie tu, nisikiguse.