Mpiga Piano Asiyesikika

Nakumbuka Jumamosi moja, nikiwa kijana mwenye digrii mbichi ya muziki, nimepata kibarua cha kumpigia piano Mama Felista, mwimbaji wa jazi katika hoteli moja ya Moshi mjini. Mwanangu, wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Hawakutaja debe lenye digrii kwa kuwa hawakunijua.

Mchana wake, mazoezini nyumbani kwake Rau, nilijaza kila upenyo. Akivuta pumzi tu, mimi namwaga vidole. Akaacha kuimba, akanitazama kama mbuzi aliyeingia kwenye shamba la kahawa.

"Mae! Kijana, wimbo huu tunaimba wawili?"

"Nilikuwa napamba, mama."

"Umepamba mpaka bibi harusi haonekani. Na ujue: mbele za watu mimi sikosei. Nikipotea, wewe ndiye umepotea. Nitafute."

Yaliniuma. Lakini jioni meneja mpya aliketi mbele kabisa. Sauti ya mama ilikuwa imeanza kuzeeka, na sote tulijua kwamba asipompendeza, kazi imekwisha. Katika wimbo wa tatu mama akaruka ubeti mzima, akaingia kwenye kiitikio, tena chini kuliko tulivyozoea. Ningeendelea nilivyokuwa ningekuwa sahihi, na ukumbi mzima ungejua nani kakosea. Usahihi ulinijaribu, sikufichi. Nikainua mikono, nikaacha noti moja nzito ivume, kisha nikashuka hadi nilipomkuta. Akafumba macho, akaimba kana kwamba wimbo ulitungwa hivyo.

Baadaye meneja akatufuata akitabasamu. "Mama, wewe endelea. Ila huyu wa piano tumpumzishe, mbona hata simsikii?"

"Humsikii?" Mama Felista akacheka. "Basi mwondoe, baba, halafu uje unisikie mimi."

Nilibaki naye mpaka alipochoka kuimba. Sijasifiwa tena vizuri kama siku ile nusura nifukuzwe.

Mwanangu, huku migombani mkungu ukilemea tunautegemeza kwa mti, na sijasikia mgeni akiusifia mti. Jifunze kazi yako vizuri kiasi cha kuweza kuipunguza. Mwenzako akiteleza hadharani, mfuate aliko. Masahihisho yana siku yake, mkiwa wawili. Mungu akupe masikio mapana na vidole vyenye subira, akulishe ushibe hata pale tangazo la onyesho lisipotaja jina lako.