Hewa Iliyomuua Okumu

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye maabara ya maji pale Migori, mkemia mkuu alinituma Osiri nikachote maji ya migodini. Nilirudi na chupa yenye nafasi ya hewa shingoni. Akaimwaga yote. "Hapa umeniletea hewa ya barabarani," akasema. "Rudi." Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, na tangu hapo nilijaza chupa hadi pomoni.

Baadaye nilihamishiwa Homa Bay. Kwenye chemchemi za maji moto za Milima ya Homa, hewa ya ukaa hupanda kutoka chini sana ardhini. Haina rangi wala harufu, na kwa kuwa ni nzito hutuama mashimoni kama maji. Tuliinasa kwa faneli iliyofunikwa juu ya mapovu, tukaifungia kwenye chupa ya kioo, kisha tukaituma ng'ambo ipimwe isotopu. Kwa lugha rahisi, kaboni iliyo ndani ya hewa hiyo iko nyepesi na iko nzito. Moshi wa petroli una kiasi kidogo cha ile nzito. Hewa ya miamba ya volkano inayo zaidi. Ukizipima, huwezi kuzichanganya.

Kisha mchimba visima aitwaye Okumu akafia ndani ya kisima cha mradi mmoja wa maji, karibu na chemchemi hizo. Meneja wa mradi akatangaza kwamba nduguye Ouma ndiye aliyemuua, kwa kuteremsha pampu ya petroli iliyojaza moshi shimoni. Wazee wakamwamini. Ouma akakatazwa kutupa udongo kaburini, akafukuzwa nyumbani. Damu ilinichemka, maana meneja huyo huyo tulikuwa tumemwonya asichimbe pale.

Pampu ilikuwa imeondolewa zamani tulipoteremsha mpira na kuvuta hewa ya chini. Hata hivyo, taa ya chemli tuliyoishusha ilizimika. Majibu yalipofika, kaboni ilikuwa ya miambani. Wanasema mnyonge hana haki. Maabara haikulijua hilo. Mkuu wetu wa wilaya alilijua.

"Hiyo report ikae kwanza," akaniambia. "Ukiitoa saa hii, project itakwama."

Ikae? Mtu anaitwa muuaji wa ndugu yake, nayo ikae? Siku hiyo hiyo nilikwenda kwa mama yao, nikamweleza yote mbele ya wazee.

"Kwa hivyo Ouma hakuua ndugu yake?"

"Hakuua, mama. Hata bila pampu, hewa ile ingemmaliza Okumu."

"Na hao watu wa project walijua?"

"Tuliwaambia kabla hawajachimba."

Akaagiza Ouma aitwe. Kaburi lilikuwa limeshaota nyasi. Ouma akapiga magoti, akafukua udongo kwa kucha, akautupa huku akilia. Mama akamtazama, kisha akanigeukia mimi.

"Mwambie huyo meneja pia akuje atupe udongo yake."

Nilimfikishia. Mwezi haukuisha, nikahamishiwa Ntimaru, mbali mpakani na Tanzania, nikabaki huko hadi nilipostaafu. Vijana huniuliza kama kazi ile ilikuwa ngumu. Kupima hakukuwa kugumu hata kidogo. Mama yule sasa amelala kando ya mwanawe Okumu, na meneja hajafika mpaka leo.