Bahati ya Nani?

Kule Musonoi, kwenye mashimo ya madini, wachimbaji wakishaosha mawe yao huyagawa kwa namna moja. Marundo hupangwa chini, mtu mmoja huyapa mgongo, mwingine hugusa rundo kwa mpini wa sepeto na kuuliza: ya nani? Aliyegeuka hutaja jina. Likishatajwa, basi.

Katika kundi la Kabongo, mgongo huo ulikuwa wa mama Asia, mwosha mawe, mjane wa ukoo wa madereva kutoka Kasongo. Watu walimwamini, na heshima hiyo aliithamini kuliko alivyoonyesha. Yeye ndiye aliyewazoesha kuuliza "Bahati ya nani?" Kabongo, Mluba wa Kasai, hakuchoka kumtania.

"Mama Asia, sema tu chansi, kila mutu anasikia."

"Chansi inaanguka yenyewe kama mvula, tata. Bahati iko na mwenye kuigawa."

Hayo aliyapata kwa marehemu baba yake, Shafii, aliyeliandika neno hilo juu ya kioo cha lori lake. Mzee alipenda kueleza kwamba Waarabu nao waliliazima. Lilitoka kwa Waajemi, wanaosema *bakht*, na hapo kale lilikuwa fungu, kitu alichogawiwa mtu. Bakshishi ni ndugu yake. Waarabu wakalitumia kwa maana ya heri inayomwangukia mtu, na hivyo ndivyo lilivyofika pwani, likapanda na misafara hadi Maniema, kwao mzee. "Yule anayegawa alipotelea njiani," mzee alikuwa akisema, "tukabaki na furaha tupu." Asia hakukubali apotee.

Jumamosi moja, mwanawe Swedi, aliyekuwa akichimba na Kabongo na Henri, alimfuata mtoni akachuchumaa karibu naye.

"Mama, leo Henri ndiye atagusa. Mawe meusi, yale mazuri, tumeyaweka rundo moja, chini. Ile atagusa mwisho. Mi uniite mwisho."

"Na Kabongo?"

"Kabongo hataona. Wiki ingine ni zamu ya Henri kuyapata. Mama, nimechoka na shimo. Nataka moto yangu, pikipiki, nibebe watu."

Asia aliendelea kusugua mawe. Shimo hilo lilikuwa limeporomoka mara mbili mwaka ule, naye alijua.

Marundo matatu yalipokuwa tayari, aligeuka kama kawaida. Henri akagusa la kwanza.

"Bahati ya nani?"

Kabongo alisubiri jina, kisha akacheka. "Eh, mama, umelala?"

"Leo mugongo yangu iko na macho," alisema. "Changanyeni yote, mugawe upya. Laurentine atageuka."

Laurentine, mwosha mawe mwenzake, alikausha mikono akaja. Henri alitazama viatu vyake. Kabongo alimtazama Henri, kisha Swedi, asicheke tena. Mawe yakachanganywa, yakagawiwa, Laurentine akataja majina. Swedi alipata rundo kama la wenzake. Walirudi nyumbani, mama mbele, mwana nyuma.

Wiki iliyofuata, Kabongo alimwamkia mama Asia kwa adabu zote, kisha akamwita Laurentine. Mtu ambaye mgongo wake uliwahi kuona haitwi tena, hata kama alisema mwenyewe. Asia alilijua hilo kabla hajafungua kinywa.

Aliinamia karai lake. Nyuma yake mpini ukagusa rundo, na Henri, kwa mazoea, akauliza:

"Bahati ya nani?"

"Ya Swedi," alisema Laurentine.