Ndoo ya bluu ilivyotaka kuua utafiti wetu wa VVU Mwakitolyo, na mimi mwenye diploma nikauokoa

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa shikamooni, wadogo marahaba mapema.

Ninachoandika hapa nimekiona kwa macho yangu. Sijaongeza chumvi. Nikijisifu katikati mnivumilie, maana haki ya kujisifu ninayo, mtaona wenyewe.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtoto wa Masumbwe, baba mkulima wa mpunga. Form four nilitoka na four ya mwisho mwisho, nikakimbilia machimbo. Nimeshuka maduara ya Mwakitolyo na kamba kiunoni, wakati huo mashimo mengine hata matimba ya kuzuia kifusi hayana. Nimelala kwenye turubai misimu na misimu.

Kwa jasho hilo hilo nikarudia mitihani ya sayansi, nikaingia chuo, nikachukua diploma ya utabibu. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nikafanya kazi Dar miaka kadhaa, kisha nikarudi kanda yangu. Safari hii sikurudi na sururu. Nilirudi na kishikwambi na kitambulisho shingoni.

Kazi yenyewe ilikuwa utafiti wa VVU kwa wachimbaji na watu wanaowahudumia. Mradi siutaji, msiniulize.

Washiriki walikuwa wa aina mbili. Wapo wenye virusi wanaotumia ARV, na wapo wasio na virusi wanaotumia PrEP, yaani dawa za kujikinga. Tuliwachanganya makusudi, chumba kimoja, foleni moja, ili mtu akionekana anaingia pale, hakuna wa kujua yuko upande gani.

Mpaka hapo safi kabisa. Nawapa maua yao wasomi walioliwaza hilo.

Sasa ikaja zawadi ya shukrani. Mshiriki anapoteza muda wake, lazima umshukuru na kitu kidogo, na kamati ya maadili ya utafiti iliruhusu. Ofisi ya mjini wakafikiri: machimboni maji ni shida, tuwape ndoo ya lita ishirini yenye koki. Hata nembo ya mradi hawakuweka, kwa kulinda siri.

Ndoo zikaja lori zima, zote rangi moja. Bluu ya kung'aa.

Wakuu, Mwakitolyo yote hakukuwa na ndoo ya rangi ile. Kule ni madumu ya njano ya mafuta ya kupikia na ndoo nyeupe zilizokuwa za rangi ya ukuta. Na mimi niliyeishi pale ndiye niliyezigawa kwa mikono yangu, sikuona kitu. Hilo kosa nalibeba.

Miezi miwili ikapita. Wa tatu, watu wakaanza kukosekana kwenye miadi. Wa nne, chumba kikawa kitupu.

Tukakaa kikao. Mkuu wa utafiti wetu, nitamwita Dokta Rehema, mwanamke msomi sana na asiye na maringo, akasema labda wamehamia kwenye rashi mpya, kule dhahabu ilikoibuka, wachimbaji ndivyo walivyo. Msimamizi wangu, kijana wa masters, akashauri tuwaandike wamepotea, tufunge kituo.

Nikanyoosha mkono.

"Dokta, mchimbaji akihama anaondoka na turubai lake. Maturubai yao yote yapo. Nipe siku mbili."

Msimamizi akacheka puani. Dokta akanipa.

Nikaenda moja kwa moja kwa Mama Kulwa. Huyu ni mama lishe mwenye kibanda karibu na karasha, pale mawe yanaposagwa. Enzi zangu za kuchimba, ukichelewa dakika kumi kwake unakuta ukoko. Alikuwa mshiriki wetu, na ile ndoo aliiweka mbele ya kibanda, wateja wanawe mikono.

Nikafika saa saba mchana. Sufuria zimejaa, mabenchi matupu. Kibanda cha jirani watu wanakula wamesimama.

"Mwadila, mayu," nikamwamkia mama kwa Kisukuma.

"Mwadila, baba. Kaa. Leo utakula kama mfalme, huna wa kugombea naye utumbo."

"Kulikoni?"

Akaielekeza midomo kwenye ndoo. "Muulize huyo."

Kabla sijauliza, mchimbaji mmoja anayeitwa Shoka akapaza sauti kutoka kibanda cha pili, tonge mkononi:

"Oya, wewe wa kitambulisho! Usinawe hapo, utarudi mjini na miwaya, ukimwi huo!"

Watu wakaangua kicheko. Akaendelea:

"Mlidhani hatuwajui watu wenu? Kila mwenye bluu tunamjua! Daftari lenu linatembea lenyewe sokoni!"



Mama Kulwa alikuwa anakoroga mlenda, hakuinua hata macho.

"Mwanangu, ile siku mlinisomea karatasi ndefu. Mkaniambia jina langu halitaandikwa popote."

"Ndiyo, mayu."

"Kweli hamkuliandika. Mlinipa nilibebe kichwani, nikapita nalo sokoni."

Nikamwuliza kwa nini asiifiche. Akaniambia, "Nikiificha leo, nitakuwa nimewajibu."

Hapa nisimame kidogo. Mtauliza Mama Kulwa alikuwa upande gani, wa ARV au wa PrEP. Mimi najua, na nitakufa nalo. Jina nimebadilisha, na uzi huu nimemsomea wote kabla ya kupost. Akasema weka, ila uandike kwamba ugali wangu hauna mabonge. Nimeandika.

Mchana ule nikazunguka kwenye maturubai. Ndoo moja nikaikuta imevalishwa kiroba. Nyingine imekatwa kitako, wanachotea mchanga. Jamaa mmoja alikuwa ameipaka oili chafu mpaka ikawa nyeusi. Akaniambia hana ugomvi na dawa, dawa anazitaka, ila hawezi kushuka duarani na watu wanaokataa kushika kamba aliyoishika yeye.

Nikarudi nikaripoti. Dokta Rehema akasema, "Hili ni letu, si lao." Nilimheshimu hapo.

Msimamizi akatoa wazo: tuzikusanye zote zirudi stoo.

Nikamwambia, "Bosi, utazikusanyaje? Utapita na gari nyumba kwa nyumba? Basi utakuwa unammalizia Shoka kazi yake."

"Kwa hiyo wewe wa diploma una la zaidi?"

"Ninalo. Tuijaze bluu machimbo yote. Msikitini, kanisani, shuleni, ofisi ya kijiji, kila kibanda cha chakula, kila duara. Ndoo za kunawia mikono kwa kila mtu. Bluu ikiwa ya wote, haimsemi mtu."

Dokta akanisogezea karatasi: "Liandike hivyo hivyo kwa Kiswahili chako."

Niliandika, wakuu. Maneno ya mtoto wa Masumbwe yakapelekwa kwenye kamati ya maadili.

Sharti la kwanza la kamati lilikuwa tuwaombe radhi washiriki mmoja mmoja na tuwaulize kama wanaafiki. Kazi hiyo nikaifanya mimi, kila mtu mahali alipopachagua mwenyewe, na dawa zake nikampa huko huko. Wapo walionitukana vizuri tu kabla ya kukubali. Mama Kulwa alikubali haraka, akaongeza la kwake:

"Leteni. Ila ya kwanza apewe mwenyekiti wa machimbo, na aibebe mwenyewe."

Sharti la pili la kamati lilikuwa zawadi za washiriki tangu sasa ziwe kitu kinachouzwa kwenye kila duka la pale. Tukachagua sukari na sabuni ya mche. Nani atamjua mtu kwa sukari?

Siku ya kugawa, mwenyekiti wa machimbo, mzee wa kitambi anayemiliki maduara manne, alishuka sokoni. Tukamweleza ndoo ni za usafi kwa machimbo yote, na ndivyo ilivyokuwa. Akachukua ya kwanza, akaitupia begani, akapita nayo katikati ya soko akisalimia watu kama mgombea. Imamu akafuata, katekista akafuata, walimu wakatuma mkokoteni.

Wiki haikuisha, bluu ikawa kama vumbi. Iko kila mahali, hakuna anayeitazama.

Mabenchi ya Mama Kulwa yakaanza kujaa, kwanza wazee, kisha vijana wa karasha. Na chumba chetu cha miadi, wale walionusurika kuandikwa "wamepotea" wakarudi kwa miguu yao. Yule wa oili chafu alinipa mkono, akanibana vidole mpaka nikasikia kazi ya nyundo.

Utamu wenyewe sasa.

Asubuhi moja mlango wa ofisi ukagongwa kwa hasira. Shoka huyo.

"Nyie watu mna ubaguzi! Duara letu mmeliruka kwa nini? Kila mtu ana bluu, mimi nakunywa maji yenye harufu ya alizeti!"

Nikamwangalia. Nikaingia stoo nikamtolea moja mpya, nikamfutia vumbi kwa heshima zote.

Akaiweka kichwani, akakatiza sokoni anapiga mluzi. Nikamsindikiza kwa macho mpaka kwenye karasha. Pale Mama Kulwa akatoka kibandani, mwiko mkononi, akamwita kwa sauti ya kusikika machimbo mazima:

"Shoka! Hongera kwa ndoo, baba! Njoo unawe, chakula tayari!"

Watu walicheka mpaka wakashika matumbo. Shoka naye akacheka, akatua ndoo, akanawa, akala. Ugali usio na mabonge.

Baadaye Dokta Rehema alinisimamisha mbele ya wasomi kule Mwanza nieleze jambo hili. Suti niliazima, maelezo hayakuwa ya kuazima. Msimamizi wangu alikaa mstari wa mbele ananipiga picha.

Nilichojifunza ni hiki. Unaweza kufungia fomu kwenye kabati la chuma, na bado ukamwanika mtu kwa zawadi uliyompa kwa nia njema. Kabla hujampa mtu kitu, muulize atakibeba vipi mpaka nyumbani kwake. Na wenye diploma wenzangu, kwenye vikao nyoosheni mikono. Mkono haupimwi GPA.

Waliofanya kazi za field, ninyi kitu gani kiliwahi kuwaumbua washiriki wenu, na mlikitengenezaje? Shusheni hapa chini, nitawajibu wote. Wenye PhD nanyi mnakaribishwa, nitawaelekeza taratibu.